Mlango Unaofungwa kwa Nje

Kwa mwaka mzima na zaidi nilimfungia binti yangu ndani ya nyumba kila asubuhi, na kila asubuhi nilimdanganya. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Tulia. Nakuya sasa ivi." Kisha nikavuta mlango, nikapitisha kufuli, nikalibana mpaka likalia, nikavaa ufunguo shingoni kwa kamba ya katani, nikachukua jembe nikaenda shambani. Hiyo sasa hivi yangu ilikuwa ya saa tano au sita. Majira ya kupalilia ilifika saba.

Ninatanguliza jambo hili ili anayetaka kunihukumu aanze mapema, asije akachoka njiani. Mimi si mpole na sijawahi kujifanya mpole. Lakini kabla ya kufika kwenye kufuli nilikuwa nimepita kwenye mambo mengine, na hayo nayo lazima niyaseme.

Tunakaa Kingi, kwenye milima ya Masisi, katika nyumba ya mbao yenye mabati, ubavuni mwa kilima. Binti yangu ana miaka kumi. Watu husema ni bubu, nami huwakatalia. Anaweza kurudia tangazo la sabuni la redioni kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya yule mtangazaji na pumzi zake zote, ila hawezi kuomba maji. Ukimwita jina hageuki. Ukimshika bila kumzoesha, anapiga kelele mpaka majirani wanatoka. Muuguzi mmoja wa kituo cha afya alimtazama kwa muda mrefu, akaniandikia neno moja la Kifaransa kwenye karatasi: autisme. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwa Kiswahili cha vitabuni wanauita usonji. Nilimwuliza dawa iko wapi. Akaniambia, "Mama, hii haina dawa. Ni kumuzoea tu." Nikaikunja karatasi nikaenda nayo nyumbani, na mpaka leo ipo ndani ya Biblia.

Karatasi haikumzuia mtu kuwa na maelezo yake. Mama mkwe wangu, mwenyeji wa milima hii tangu babu wa babu, alinitazama akasema, "Hii kintu ulitoka nayo kwenu mu pori. Huku kwetu watoto wanasemaka." Kwetu ni Walikale, upande wa Buleusa. Nikampigia simu mama yangu mzazi ili nipate wa kunitetea. Naye akasema, "Baridi ya ile milima njo ilimuingia mu kichwa. Mulete huku tumuoshe na dawa ya wazee." Masisi wanasema tatizo limetoka Walikale, na Walikale wanasema limetoka Masisi. Mtoto akabaki mikononi mwangu, mimi niliye katikati.

Baba yake alishika njia ya machimbo ya Bisie kutafuta kazi ya kubeba mizigo, akazidi kuingia porini, na siku hizi sauti yake hufika pale tu anapopata kilima chenye mtandao. Simchukii. Kufuli letu tulilinunua na funguo mbili, na mmoja aliondoka nao mfukoni. Ana ufunguo wa nyumba asiyoingia, na mimi nina nyumba nisiyotoka. Ndivyo tulivyogawana.

Shule ilimrudisha wiki ya pili. Mkurugenzi alisema maneno mazuri sana, marefu, na maana yake ilikuwa moja. Kanisani hakuweza kuvumilia ngoma, na mama mmoja wa kwaya akanikumbusha kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nikamwambia kama ni hivyo amchukue amlee yeye juma moja, tuone atakavyokua. Tangu hapo hatusalimiani vizuri.

Basi nikawa naenda naye shambani. Nilifunga ncha moja ya kikwembe kiunoni mwangu na nyingine kiunoni mwake, tukateremka hivyo, mimi nikilima, yeye akikaa kwenye mtaro akitazama maji. Wanawake waliokuwa wakipita walicheka, "Mama na mbuzi wake." Nilicheka nao, maana ukikataa kucheka wanaendelea. Tulikaa hivyo miezi mingi na kwa kweli haikuwa mbaya. Aliizoea njia ile, kila jiwe.

Kilichotuharibia ni miti. Binti yangu hawezi kuvumilia mti uliolala kukingama. Sijui kwa nini. Mti uliosimama haumsumbui, ila uliolazwa kukata njia unamtesa, lazima auvute, aulaze kando, unyooke na njia. Siku moja fundo la kikwembe lilifunguka, akaenda kwenye lango la malisho ya ng'ombe, akavuta miti yote minne, akaipanga pembeni vizuri kabisa. Ng'ombe wakatoka. Kufika jioni walikuwa wameshamaliza maharagwe ya familia mbili. Mchungaji alinijia na fimbo, akasema, "Siku ingine nitamufunga yeye pamoja na ng'ombe." Nililipa kwa siku za kulima mashamba ya watu. Hilo liliisha.

Ambalo halikuisha ni hili: huku kwetu mti uliolala kukingama njia si wa ng'ombe tu. Chini, barabarani, kuna mti mwingine, na pembeni yake wanakaa watu wenye bunduki. Wanabadilika, leo hawa, kesho wale, lakini mti ni uleule. Mtu akiambiwa simama, anasimama. Mtoto wangu akiitwa hageuki. Niliwaza siku atakayouona mti ule na kwenda kuuvuta, huku nyuma yake mtu anamwita mara ya kwanza, mara ya pili. Niliwaza hilo usiku na mchana kwa juma zima. Mwisho wa juma nikapigilia mbao dirishani kwa mkono wangu, misumari kumi na minane, nikanunua makomeo ya chuma ya mlangoni. Nilikuwa fundi mzuri.

Ili atulie ndani, nilimwachia maharagwe. Sisi hupanda mbegu zilizochanganywa, za manjano, nyekundu, nyeusi, za madoa, kwa sababu mvua ikiua hizi zile zinabaki. Yeye hawezi kuvumilia vitu vilivyochanganyika. Ukimpa beseni anachambua kila rangi na fungu lake, mistari minyoofu juu ya mkeka. Nilipofungua mlango alasiri nilikuta mafungu yamekwisha, naye ameketi karibu ya ukuta. Nilimwuliza, "Ulitulia?" Na kwa sababu hajibu, nilimjibia mwenyewe, "Ulitulia, mama." Baadaye nilienda jikoni, kule nje, nikayachanganya yote upya asikoona, ili kesho awe na kazi. Sikujiuliza beseni lile lilimchukua muda gani.

Mikono yake ilikuwa migumu, upande wa kiganja chini ya kidole kidogo, migumu kama ya mtu wa jembe. Nilisema ni ile tabia yake ya kujipiga mapajani. Mtu akitaka jibu, hulipata lililo karibu.

Jirani yangu wa juu ni mjane mzee, masikio yake yameanza kufunga, kwa hiyo husema kwa sauti ya juu kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Sikumpenda. Niliona anavyolitazama lile kufuli kila anapopita, nikajua anakwenda kunisema kwa watu. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia yeye na wengine, "Mukisikia anapiga kelele, musivunje kufuli. Atanyamaza." Walikubali. Huku kwetu ukiona kufuli limening'inia mlangoni, unajua wenyewe hawako, unapita.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa katikati ya majira ya mvua, magugu yamefika magotini. Nilikuwa nimelisha mtoto, nimeweka beseni, nimelitundika kufuli kwenye makomeo likiwa wazi na ufunguo ndani yake, jembe limeegemea ukuta nje. Nikakumbuka kipande cha sheeting, lile turubai la plastiki, cha kujifunika mvua. Nikarudi chumba cha ndani kukitafuta chini ya kitanda. Nikasikia mlango unavutwa. Nikasikia kufuli likilia.

Kisha, kwa nje, nikasikia sauti yangu.

"Tulia. Nakuya sasa ivi."

Ilikuwa sauti yangu kweli, na haraka yangu, na ule uchovu ambao sikujua kwamba husikika. Nilifika mlangoni nikaweka jicho kwenye ufa. Binti yangu alikuwa akichomoa ufunguo. Alivaa ile kamba shingoni. Alichukua jembe, akaliweka begani jinsi ninavyoliweka mimi, mpini mbele, akateremka.

Kwanza nilicheka. Ndiyo, nilicheka, nikasema huyu mtoto ana akili kuliko mkurugenzi. Nikamwita. Nikamwita tena, kana kwamba leo ndiyo siku atakayogeuka. Alipofika kwenye migomba akapotea machoni, na kicheko kikanikauka mdomoni. Kwa sababu pale baada ya migomba njia inagawanyika. Kushoto ni shamba letu. Kulia ni barabara.

Nilisukuma mlango kwa bega. Nilikuwa nimeuagiza wa mbao ngumu. Nilienda dirishani, nikashika ubao kwa vidole, nikavuta mpaka kucha moja ikapasuka, na msumari hata mmoja haukutikisika. Panga lilikuwa jikoni, nje. Jembe lilikuwa begani mwa mtoto. Simu ilikuwa kwa kijana mwenye sola, nimeipeleka kuchajiwa. Kila kitu nilichokiwaza kilikuwa upande wa pili wa mlango. Nyumba ina hatua sita kwa nne. Nilizipima siku ile mara nyingi.

Niliita watu. Saa ile kila mtu yuko shambani. Mwanamke mmoja alipita njiani na kitunga mgongoni, nikapiga mlango kwa viganja viwili, nikapaza sauti. Aligeuza uso, akaona kufuli, akaendelea na safari yake. Sikuweza hata kumlaumu. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Nikaanza kusikiliza upande wa barabara. Nilikuwa nasikiliza kitu kimoja tu, na sitakitaja. Kila pikipiki iliyotoa mlipuko kwenye bomba la moshi ilinirusha mpaka kwenye ufa. Nilimwomba Mungu, kisha nikamgombeza, kisha nikamwomba tena msamaha. Nilijiambia ameshika kushoto. Amezoea kushoto. Nikajiambia pia kwamba ana miezi mingi hajatoka, na mvua imeharibu njia, na kama mti mmoja tu umeanguka kukingama ile njia ya kushoto atasimama pale auvute, halafu nani ajuaye ataelekea wapi.

Nikaona beseni. Bila kufikiri nikaketi nikaanza kuchambua, manjano huku, nyekundu huku. Nilitaka mikono ifanye kazi. Beseni lote likaniishia hata jua halijaingia kwenye ufa wa pili wa ukuta. Na mikono yangu ni mizito kuliko yake. Yeye pengine humaliza kabla sijafika mtaroni. Niliyatazama yale mafungu, na mlango, na nikawaza saa zote zinazobaki. Sikupenda nilichoanza kukielewa.

Mvua ikashuka. Ninyi mnaokaa nyumba za mabati mnaijua. Hata ukijisemea mwenyewe husikii. Nikarudi mlangoni nikapiga, nikapiga, kwa upande wa kiganja, chini ya kidole kidogo, maana viganja vilikuwa vimeshauma na hapo ndipo panapovumilia. Nilikuwa nalia kwa sauti, sauti imekatika, haina maneno tena.

Mtu akaja mbio kujikinga chini ya paa. Kupitia ufa niliona kikwembe kilicholowa na miguu ya kizee. Ni yule mjane. Nikasema, "Ni mimi! Ni mimi, bibi, ita watu!" Mvua ilimeza yote. Yeye akainama, akaweka mdomo kwenye ufa uleule niliowekea sikio, akaniambia kwa sauti yake ile ya kuita ng'ambo:

"Tulia, mama. Njo mimi, bibi yako. Mama yako iko ku shamba, atakuya."

Nikapiga tena.

"Leo uko napiga na nguvu sana. Jana ulichoka mbio. Utaumiza tena ile mikono, mama. Wacha. Nitaikala hapa na weye mpaka mvua ipungue."

Akaketi, mgongo wake kwenye ubao, na mimi upande wangu nikaketi. Jana. Amesema jana. Na kwa lile neno lake, "tena", nilielewa kwamba hata juzi, na siku zile zote. Nilikuwa shambani nikipalilia, nikijisifu kwamba mtoto wangu ametulia na maharagwe yake, na mtoto wangu alikuwa amesimama hapa anapiga mlango, na mwanamke niliyemnunia mwaka mzima alikuwa ameketi pale nje anazungumza na ubao. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile.

"Mama yako iko mukali," mjane akaendelea, "lakini si mubaya. Iko peke yake tu."

Nilinyamaza. Yeye akasikia kunyamaza kule akaridhika. "Njo ivo. Umetulia." Mvua ilipopungua kidogo aliinuka, akakung'uta kikwembe, akaondoka. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nina mtoto nje na kwamba yule ndiye mtu pekee wa kuniokoa, nikaruka, nikaupiga mlango kama mwendawazimu. Kwa mbali nikamsikia akijibu bila kugeuka, "Mama yako atakuya!"

Sijui nilikaa muda gani baada ya hapo. Mvua ilikwisha, matone ya paa yakaanza kuhesabika. Nilikuwa nimeegemeza kichwa ukutani, karibu ya mlango, mahali anapokaa yeye, na ukuta pale una alama nyeusi ya mafuta ya nywele kwa urefu wa kichwa chake. Nilikuwa nimeiona alama ile mara nyingi na kuikemea kama uchafu.

Kisha nikasikia jembe likiwekwa ukutani. Ufunguo ukakwaruza kufuli, ukakosa, ukakwaruza tena. Sikusema neno, niliogopa asije akaacha. Kufuli likalia. Mlango ukafunguka na mwanga ukanipiga usoni.

Alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa, tope magotini, mzima. Mgongoni alikuwa amefunga mzigo wa majani kwa kile kikwembe chetu cha zamani. Akautua mbele yangu, akaufungua. Alikuwa ameenda kushoto. Alikuwa amepalilia. Alikuwa ameng'oa mistari minne ya maharagwe, mche kwa mche na mizizi yake, akaipanga kwa maua yake, mekundu kwa mekundu na meupe kwa meupe, na magugu yote akayaacha shambani yakiwa salama. Nilitoa sauti ambayo ilikuwa kicheko na haikuwa kicheko.

Hakunitazama. Hanitazami kamwe usoni, hutazama bega. Alilitazama bega langu, akasema kwa sauti yangu, ileile ya alasiri, ya mtu aliyechoka ambaye tayari anawaza moto na maji:

"Ulitulia?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Lakini hakuningoja, kwa kuwa mimi sijawahi kumngoja. Alinijibia mwenyewe.

"Ulitulia, mama."

Akanipita, akaenda kwenye mkeka, akakuta mafungu yangu ya maharagwe yamekwisha kupangwa, akaanza kunyoosha mistari. Nami nikabaki mlangoni nikisema, hapana, sikutulia, sikutulia hata kidogo, mama, nisamehe. Nilisema mara nyingi. Sijui ni kiasi gani kilimfikia.

Jioni ile ile nilipanda kwa mjane. Nilimsimulia yote kwa kupiga kelele sikioni mwake, na aliposikia kwamba aliyekuwa akimtuliza siku ile ni mimi, alifunika mdomo kwa mkono, kisha akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akaacha kucheka. Nikavua kamba ya katani nikamwekea ufunguo mkononi. Siku hizi anamfungulia mtoto jua likisimama, wanakaa pamoja chini ya paa, kikwembe kimefungwa kiuno kwa kiuno, wanamenya maharagwe mpaka nirudi. Mzee hawezi zaidi ya hapo, miguu yake haiwezi kumkimbiza mtoto.

Kwa hiyo ningependa kusema kwamba lile kufuli nimelitupa mtoni, lakini sijalitupa. Ule mti wa barabarani bado umelala pale pale, na magugu hayangoji. Asubuhi bado ninafunga. Ninachosema mlangoni ni "Nitakawia," na nikifika kwenye migomba nasikia ameanza kupiga. Jioni nikirudi simwulizi kitu. Nakaa chini mbele yake, nashika mikono yake, akikubali, naigeuza, naitazama.